Kikosi cha Wagonjwa

Chizuru alitapeliwa mchana kweupe, tena na binamu yake wa damu. Mochi, kobe aliyemlea tangu yai kwenye mchezo wa mashine ya mkononi, alikuwa wa aina isiyokomaa mpaka apitishwe kwa waya kwenda mashine ya mtu mwingine. Takehiro akasema, "Nipe nimkomaze, nakurudishia sasa hivi." Akampokea, akachomoa waya. Kumbe sasa hivi ya Takehiro haina tarehe!

"Kaka Takehiro, nirudishie kobe wangu."

"Nishinde Jumamosi, dukani kwa Mama Fumiyo. Ukishindwa, nisisikie tena habari za kobe."

Kazi ipo! Kiangazi kile watoto wote wa mtaa wao pale Takasaki walikuwa na kikosi cha aina moja, walichokinakili kwenye gazeti la michezo: paka-mzimu, na paka-mzimu mwingine. Anamlaza adui usingizi, kisha anamtwanga akiwa amelala. Basi, hawakujua lingine. Chizuru alikuwa na chura, mende na konokono, na kila akijipima na wenzake, watatu hao waliishia kukoroma.

Ijumaa asubuhi Babu alikuja mezani shavu limevimba.

"Jino hili litaniua! Sijafumba jicho. Mwenye maumivu halali, mjukuu wangu."

Chizuru akabaki na vijiti vya kulia mdomoni.

Kwenye mchezo kulikuwa na kinamasi cha sumu ambacho kila mtu alikikwepa. Tena kabla ya pambano ilikuwa adabu kuwapitisha wanyama zahanati, kama kunawa kabla ya kula. Chizuru akawatumbukiza wote watatu kinamasini, na zahanati akaipita kama haijui.

Jumamosi Takehiro alipowaona alicheka mpaka barafu yake ya sharubati ikamwagika. "We Chizuru, umeleta kikosi au wodi?"

Akamtoa paka, akamwamuru amlaze chura. Chura macho makavu. Akaamuru tena. Wapi! Mgonjwa wa sumu halaliki. Chura akamng'ata paka, sumu ikammaliza chura mwenyewe, mende akaingia, na kabla mende naye hajaanguka paka wote wawili walikuwa chini.

Upande wa Takehiro akabaki Mochi, upande wa Chizuru konokono aliyekuwa anahesabu pumzi. Takehiro alikuwa amemsahaulisha Mochi kila kitu ili amfunze kulaza, akambakizia jambo moja tu la zamani: kujificha gambani. Mochi angejificha tu, sumu ingemmaliza konokono yenyewe.

Lakini Takehiro, kwa mazoea, akabonyeza: mlaze!

"Nisamehe, Mochi," Chizuru akasema, machozi yakimtoka, akamwamuru konokono apige. Kobe akaanguka.

Waya ukachomekwa tena, Mochi akarudi kwao. Takehiro akauliza kwa sauti ndogo kinamasi kiko upande gani.

Jumamosi iliyofuata watoto wote walikuja na vikosi vya wagonjwa watupu, Takehiro mbele, amewatia sumu wanyama wake kuliko wote.

"Sasa nilaze tuone!" akajigamba.

"Nani kasema nalaza?" Chizuru akajibu. Akamtoa Mochi, mzima, katoka zahanati muda huohuo. Akamwambia ajifiche gambani, kisha akaagiza barafu ya sharubati, akala polepole, akingoja.