Mahari ya Fundi wa Mageti

Hii hamtaamini, na mimi nilikuwa hapo nikiona. Mahari ya binamu yangu Murungi ilibaki kidogo ikwame juu ya kodi. Kodi ya serikali, ndio hiyo.

Murungi anachomelea mageti hapo Ruiri. Maxine, msichana wake, ni nesi Meru town. Jumamosi tukaenda kwa babake, Mzee Mbaabu. Msemaji wetu alikuwa Anko Kiogora, na kazi ya msemaji unaijua: kulia umaskini ndio ng'ombe zipungue.

"Huyu ni wa jua kali tu," Anko akalia. "Hana mshahara. Ni Mungu tu anamsaidia."

Mzee akatabasamu. "Na hiyo geti mmepitia hapo nje ilitengenezwa na nani?"

Wazee wakacheka. Murungi akaangalia viatu zake.

"Maxine anakatwa kodi kabla hata aone mshahara," Mzee akaendelea. "Huyu wenu hakatwi kitu. Watatumia barabara moja, hospitali moja, na mmoja ndio analipia? Aseme hapa: anapata ama hapati? Kama hapati, aende atafute kazi kwanza."

Anko akamfinya Murungi goti. Akisema anapata, ng'ombe zinaongezeka. Akisema hapati, bibi ameenda.

Murungi akasimama. "Baba, napata. Lakini Maxine akigonjeka mshahara bado inaingia. Mimi stima ikipotea nalala njaa. Chuma nanunua na pesa yangu, na kuna watu wamebeba geti wakazima simu. Sasa mnikate sawa na yeye aje?"

 Mimi nilikuwa narekodi na simu, hapo nikawacha.

Maxine alikuwa mlangoni na kibuyu ya ucuru, ule uji wetu wa sherehe. Msichana akikumwagia kwa kikombe, amekubali. Hakumwaga.

"Ukitoa ya chuma na ya stima," akauliza, "kuna kitu inabaki?"

"Inabaki."

"Basi hiyo ndio ukatwe, si yote yenye imeingia. Lakini ukatwe."

"Nitalipa."

Akamwaga mpaka kikombe ikafurika. Mzee akageukia Anko, meno yote nje. "Sasa vile kijana wako ako na mapato, turudi kwa ng'ombe."

Mpaka leo Anko haongei na Murungi, ati alimharibia kazi. Mimi naona bibi alipatikana. Na wewe, ungekuwa hapo mbele ya wazee, anko amekushika goti na Maxine ameshika kibuyu, ungejibu nini?