Nyanya Ndogo za Kiberiti

Kiberiti, dada mtu, alimrushia mdogo wake kreti tupu, nalo likampata begani. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu ya asubuhi. Mdogo wake, ambaye watu walimwita Tofali kwa sababu ya kichwa chake, umbo na tabia, aliliokota lile kreti, akalipimapima uzito, kisha akamrudishia kwa nguvu zaidi. Likampasua mdomo.

"Mkimaliza mniletee chai," alisema mama yao kutoka mlangoni, bila hata kuinua macho.

Usishangae. Nyumba ile ilikuwa ya watu wa mkono. Baba mtu aliwalea kwa mkanda hadi alipokufa, mama mtu kwa chochote kilichokuwa karibu. Siku hizi nyonga ilikuwa imemgomea mama, akapewa fimbo ya kutembelea, na fimbo yenyewe ilirushwa mara nyingi kuliko ilivyoegemewa. Majirani walishachoka kuamulia. Aliyebaki na moyo huo alikuwa fundi wa pampu peke yake, maana pampu yao ya kisimani ilikuwa mbovu kila kukicha, na mtu hawezi kukaza nati huku watu wanauana mgongoni kwake.

Na walichokuwa wanagombea ni nyanya. Ndiyo, nyanya.

Shamba lao lilikuwa nyuma ya nyumba, na kisima katikati. Miezi ya baridi halikuwa na neno. Lakini joto likishakaza, nyanya zao kubwa, zile za kujaza kiganja, zilitoa maua ya kutosha kabisa, kisha yote yakapukutika. Mchana unachoma, usiku nao haupoi, na ua la nyanya kubwa likikosa usiku wa ubaridi halishiki; linakauka kwenye kikonyo na kudondoka. Walimwagilia, wakaweka samadi, wakatukana, wapi. Kiangazi kilichopita walivuna nyanya za kujaza sufuria moja, na Tofali akaapa kwamba ikitokea hivyo tena anakwenda machimboni kuvunja mawe, shamba libaki la panya. Hakuwa mtu wa kuapa bure. Kiberiti peke yake asingeliweza shamba lile, na zaidi ya shamba lile hakuwa na maisha mengine yoyote. Hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Basi akatafuta nyanya ndogo. Alisikia kwamba zipo zinazovumilia joto, ila si zote, na mwenye duka la mbegu hakujua zipi. Akapanda aina nne kwenye madebe, akayapanga ukutani mahali ambapo jua linapiga tangu asubuhi hadi jioni, akazitazama kama askari anayetazama washtakiwa. Ya kwanza ilikuwa nyekundu, nzuri ya kupigwa picha, lakini kila ukiinywesha baada ya jua kali inapasuka ngozi. Akaing'oa. Ya pili, ya njano, ilizaa vizuri, ila mdomoni ni unga mtupu. Nayo akaing'oa. Ya tatu, iliyochongoka kama peasi, ikapukutisha maua kama zile kubwa. Hiyo aliing'oa akaipigiza ukutani. Ya nne ilikuwa kichaka tu, majani yamevurugana hayana adabu, na nyanya zake hazizidi gololi. Lakini jua lilivyozidi ndivyo ilivyozaa. Kichala juu ya kichala, ngozi ngumu, utamu wenye uchachu wa kukuzindua. Kiberiti, ambaye hakulia hata siku aliyovunjwa kidole, alikaa chini mbele ya lile debe akalia kwa furaha.

"Hizo si nyanya," Tofali alimwambia. "Hivyo ni vipele. Nani atashinda juani anachuma vipele?"

"Wewe. Au ukachume mawe."

Mbegu zote alizopata kwenye debe lile alizisia kwenye kitalu kimoja. Kosa. Zilipoota tu, jogoo wa Tofali akapenya chini ya wavu akaparura kitalu hadi kikabaki vumbi. Kiberiti hakupiga kelele. Alimkamata yule jogoo, akamkata shingo, akaenda kumtupa kitandani kwa Tofali, na Tofali mwenyewe alikuwa amelala. Aliamka na damu ya jogoo kifuani. Akamfuata dada yake uani, akambana koo ukutani mpaka macho yakamtoka, naye Kiberiti akamng'ata mkono hadi meno yakagonga mfupa. Fundi wa pampu aliwamwagia ndoo ya maji kama mbwa. Hata maji hayakutosha. Ilibidi aongeze ya pili.

Miche iliyopona ikatosha mstari mmoja tu kando ya kisima. Shamba lote lililobaki Tofali akalipanda nyanya zake kubwa, kwa kiburi, akipiga mluzi.

Joto likaja. Halikubisha hodi, liliingia na kukaa. Bati likawa linalia mchana kutwa, mpira wa maji ukilalia jua dakika chache unatoa maji ya kuoshea vyombo vya mafuta. Na zile kubwa zikaanza mchezo wao. Kila asubuhi Tofali alikuta maua ya njano yametandikwa chini ya mashina. Aliacha kupiga mluzi. Kando ya kisima, mstari wa Kiberiti ulikuwa umejifungia katika kichaka chake, na ukiinua majani unaona vichala vimejaa hadi chini.

Jioni moja Kiberiti alimwona Tofali ameinama pale, akachuma nyanya moja, akatafuna taratibu, akameza, akaondoka. Kiberiti akasubiri. Sentensi moja tu ingemtosha: ulikuwa sahihi. Haikuja. Tofali angekufa kwanza. Badala yake akaanza kuwa mtu wa siri, anaingia na kutoka chumbani kwake kama anaficha mgonjwa, na siku iliyofuata mlango ukawa na kufuli jipya.

"Anafunga mizigo," Kiberiti alimwambia mama yake. "Anaondoka."

"Muulize."

"Nimuulize nini? Nimpigie magoti?"

Mama akashika fimbo, akafikiria, akairudisha chini. Kumuuliza mtu jambo kwa mdomo, katika nyumba ile, ilikuwa sawa na kumwonyesha mahali pa kukupiga. Kiberiti akabaki anavimba. Kila akilipita lile kufuli, damu ilimpanda.

Ikafika siku aliyokwenda kununua kamba za kufungia vichala vilivyozidi uzito. Hakukawia. Aliporudi, jua limeshapanda, alimkuta Tofali ndani ya mstari, kisu mkononi, na mstari wote uchi.

Alikuwa amekata kila chipukizi. Lile tawi dogo linalotoka kwenye kwapa la jani, kwa nyanya kubwa unaliondoa, yote, unaacha shina moja lipande juu. Watoto wa nyumba ile walijua kazi hiyo kabla ya kujua kuvaa viatu. Lakini ile ndogo huishi kwa kichaka chake. Majani ndiyo mwavuli wake. Sasa vijiti vyembamba vilisimama juani, vichala vinaning'inia peupe, na baadhi ya nyanya zilikwisha kuwa na madoa meupe ya kuungua ubavuni.

"Dada," Tofali alisema, "subiri nikuambie."

Miaka mingi hakuwa amemwita dada. Neno hilo peke yake lilitosha kumsimamisha mtu mwenye akili zake. Kiberiti hakuwa nazo. Aling'oa mti wa kuegemezea nyanya, ule wenye ncha, akauzungusha kwa mikono miwili. Ncha ikamwingia Tofali jicho la kushoto. Alipiga ukelele usiokuwa wa mtu, akayumba, akaangukia ukingo wa zege wa kisima, na kichwa kikagonga kwa mlio ambao fundi wa pampu, aliyekuwa chini ya pampu, aliusikia licha ya injini. Kiberiti akampiga tena, mgongoni. Akampiga tena. Mama aliinuka bila fimbo, akapiga hatua, akaanguka, akawa anamwita binti yake kwa jina alilompa siku aliyozaliwa. Fundi ndiye aliyeukamata mti kwa nyuma, na akala kiwiko cha mbavu kwa wema wake.

Akambeba Tofali hadi kwenye pikipiki yake ya mizigo, damu inachuruzika kwenye spana na nati, akampakia mama pembeni, akaondoka nao kwa kasi.

Kiberiti akabaki. Unadhani aliketi kujuta? Bado hasira ilikuwa inamwambia kwamba kazi haijakwisha. Alichukua nyundo ya fundi, akaenda chumbani kwa Tofali, akalipiga kufuli mpaka likaachia. Alitaka kuanza na begi la safari. Atalichana, atamwaga nguo zake chooni. Aliusukuma mlango kwa bega, akakipiga teke kitu cha kwanza kilichokuwa njiani, akapiga hatua mbili juu yake.

Maji yakamlowesha miguu.

Hakukuwa na begi. Kulikuwa na beseni alilolipiga teke, na nyuma yake mabeseni mengine, ndoo, makopo ya rangi, sufuria, hata karai la kuchanganyia saruji. Vyote vimejaa maji, na ndani ya maji yamesimama machipukizi ya nyanya zake ndogo. Dirishani Tofali alikuwa amepigilia shuka lake la kulalia, amelilowesha, chumba kipate ubaridi. Yale ya leo yalikuwa bado yamelegea. Lakini yale ya nyuma, aliyokuwa akiyaiba kidogo kidogo chini ya kichaka mahali ambapo jicho halifiki, yalikwisha kutoa mizizi, myeupe, laini, inaelea. Kila moja lilikuwa mche mzima, wa damu moja na shina lililolizaa. Ungeyapanga, yangejaza shamba lote. Kumbe mtu alikuwa anapanda.

Kiberiti alitazama chini. Aliyoyakanyaga yalikuwa ya mizizi.

Aibu ilimshika. Alitamani mtu amchape. Alitamani Tofali huyo huyo aingie na kreti ampasue. Hakuingia mtu. Akapiga magoti kwenye maji, akaanza kuokota, moja moja, anatenga yaliyopondeka na yaliyopona.

Hospitali alimkuta amelazwa, kichwa kimezungushiwa bandeji na jicho la kushoto limezibwa. Daktari alikwisha kumwambia mama kwamba jicho lile halipo tena. Mama alikuwa kwenye kiti kando ya kitanda, ameshika mguu wa mwanawe juu ya blanketi. Hakumtazama binti yake.

"Umefungua chumba," alisema Tofali. Alimjua kwa hatua zake.

"Nimevunja kufuli."

"Beseni la karibu na mlango ndilo lenye mizizi. Hilo lipandwe kwanza."

"Hilo nimelipiga teke."

Mama akaukaza mkono kwenye ule mguu.

"Yote?" Tofali akauliza.

"Nusu yamepona."

"Mpumbavu wewe," alisema, polepole, bila nguvu yoyote, na kule kukosa nguvu ndiko kulikomuumiza Kiberiti kuliko makofi yote ya maisha yake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje?" Hakuwa anamkejeli. Kweli hakujua. "Nilitaka uamke siku moja ulione shamba zima limejaa. Basi. Usiniulize."

"Umeyakata mno. Nyanya zimeungua."

"Nilikata kama tunavyokata siku zote."

Kiberiti alilitafuta neno la kuomba msamaha. Hakuwahi kulitumia, hakujua linaanzia wapi. Akatoka. Mlangoni akamkanyaga muuguzi mguu, akasema samahani, samahani, samahani, hadi muuguzi wa watu akaogopa.

Tofali hakwenda machimboni. Nani angempokea, jicho moja? Kiberiti aling'oa nyanya kubwa zote peke yake na kupanda yale machipukizi yaliyopona, akakata mengine kutoka kwenye hayo, akayapanda nayo, na hakuruhusu kisu kisogee karibu na kichaka zaidi ya hapo. Joto lilikuwa bado na miezi mbele. Lilizidi hata mbwa wakawa hawabweki, na shamba likafunga, likafumana, likawaka nyanya ndogo toka ukuta hadi ukuta. Hapakuwahi kuvunwa namna ile katika kiangazi, na majirani walikuja kuchungulia kwa mambo mawili: nyanya, na ukimya. Kwa kuwa tangu siku ile hakuna aliyemnyanyulia mwenzake mkono. Mama mwenyewe alikuwa anatega sikio mlangoni, hapati kitu.

Huchuma asubuhi. Tofali hutangulia, kreti kiunoni, anachuma haraka kwa mikono miwili, kwa majivuno, maana amejua mwenyewe jinsi ya kukisukuma kichaka kwa kiwiko apate vichala vya ndani. Vya upande wa kulia havimpiti. Vya upande wa kushoto hubaki, vyekundu, vimeiva, vichala vizima, kuanzia mwanzo wa mstari hadi mwisho, na yeye hana habari.

Kiberiti humfuata nyuma kwa mbali kidogo na ndoo yake. Huchuma vile alivyoviacha, kwa vidole vyepesi ili visikatike kwa mlio. Wakifika mwisho, Tofali hutua kreti, akafuta jasho, akageuza kichwa chote ili amwone.

"Mstari wote nimeusafisha," husema. "Au nimeacha kitu?"

"Hujaacha kitu," dada yake hujibu, na ndoo ameiweka nyuma ya miguu yake.