Kibuyu cha Hana

Majirani walizoea kusema macho hayana pazia, lakini ya Loisi hayana hata kope. Akienda kisimani alichelewa kurudi, maana njiani alisimama kutazama madoa ya ng'ombe wa watu, tope lililopasuka bwawani, vivuli vya mawe mlimani. Akifika nyumbani alipasha waya motoni na kuvichora vyote hivyo kwenye vibuyu vya maziwa. Ugogo nzima hapakuwa na vibuyu kama vyake, na anayebisha abishane na wengine, si mimi.

Kisha vita ikaja, na askari wa Mdachi wakamchukua mumewe, Yoramu, kubeba mizigo. Habari zikafika kwamba amefia njiani. Loisi hakulia. Alipika, akafagia, akalala. Nchi ikawa nchi tu: mawe ni mawe, na ng'ombe ni nyama yenye pembe.

Angeweza kuishi hivyo miaka, lakini ikafika siku ambayo kesho yake binti yake Hana alikuwa anakwenda kuolewa Hombolo. Kwao bibi harusi hubeba kibuyu kilichochorwa na mama yake. Akifika na kisicho na mchoro, wakwe hujua hana mama, na asiye na mama hana wa kumsemea ugomvi ukizuka.

Mchana ule Loisi alikaa mlangoni, waya wa moto mkononi. Akatazama mlima. Akatazama zizi. Waya ukapoa. Akaupasha tena, ukapoa tena. Mara ya tano akauweka chini.

"Sioni kitu, mwanangu," alisema, kama mtu anayesema chumvi imekwisha.

Hana alikuwa ameliogopa neno hilo tangu asubuhi. Akachukua kibuyu, akaupasha waya mwenyewe, akaketi mchangani mbele ya mama yake. Akaanza kuchora. Mistari ilikwenda upande, ikagawanyika, ikakutana tena.

Loisi alitazama kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kutazama.

"Hilo ni tope la bwawani?"

"Hapana, mama. Ni visigino vyako."

"Visigino vyangu?"

"Wakiniuliza kama nina mama, nitawaonyesha."

Loisi akaiangalia miguu yake iliyopasukapasuka. Hata hapo hakulia. Machozi yalikuwa mbali bado. Ila aliinyoosha, akaitoa kivulini na kuiweka juani, mtoto apate kuona vizuri.