Magunia Arobaini ya Hiza na Yusta

Swali lenyewe halikuwa na uchawi wowote. Hiza na Yusta walilima pamoja shamba la bondeni, wakavuna magunia arobaini ya mahindi, wakagawana kwa uwiano wa tano kwa tatu. Yusta alipata magunia mangapi? Mtu aliyelala vizuri anajumlisha tano na tatu, anagawanya arobaini kwa nane, anazidisha kwa tatu, anapata kumi na tano, kisha anakwenda zake kunywa chai.

Darasa la saba la Mwalimu Stefania halikwenda kunywa chai. Karibu wote waliandika kumi na tatu na nusu. Shamimu, ambaye ukimpa machungwa au lita za maziwa anakugawia kwa uwiano wowote kabla hujamaliza kusema, aliandika kumi na nne na robo. Stefania aliitazama ile robo mpaka macho yakamuuma.

Mwalimu mwingine angecheka, akawasimulia wenzake ofisini. Stefania hakuwa na nafasi hiyo. Mumewe na binti yao Ritha walikuwa Kerenge, upande wa Korogwe, naye alikuwa amepangiwa shule ya Chanika, Handeni, tangu mtoto hajajua kutembea. Ijumaa anapanda basi hadi Korogwe, anamalizia kwa bodaboda. Jumapili anarudi, na kila Jumapili Ritha analia hadi anatapika. Ombi la uhamisho lilitaka saini ya mwalimu mkuu, Mwalimu Muhsin, mtu mpole mwenye maneno matamu, naye alikuwa amesema waziwazi, "Madam, hisabati ya mtihani wa taifa ikipanda, nasaini siku hiyohiyo. Nikikuachia na matokeo haya tuliyonayo, wazazi watanila mbichi."

Stefania akamwambia mtoto, wanafunzi wangu wakifaulu, mama anarudi nyumbani. Tangu hapo kila akipiga simu, Ritha anauliza kwanza kama watoto wamefaulu, halafu ndipo anaamkia.

Basi akafundisha uwiano upya. Alifundisha kwa vizibo vya soda, akafundisha kwa maharage, akawasimamisha wanafunzi wenyewe mbele ya darasa wawe magunia. Wote walielewa. Waligawa vizibo bila kukosea hata kimoja. Akawapa jaribio, na Yusta akapata tena kumi na tatu na nusu.

"Shamimu, njoo ubaoni," alisema, na sauti yake haikuwa nzuri. "Nionyeshe hii robo imetoka wapi."

Shamimu alichukua chaki bila wasiwasi. "Arobaini, kutoa mbili, thelathini na nane."

"Hizo mbili zimekwenda wapi?"

"Zaka, mwalimu."

"Swali limetaja zaka?"

"Hapana, mwalimu. Ila wamevuna."

Darasa zima likatikisa kichwa kukubali. Wamevuna, sasa watagawanaje kabla ya kutoa zaka? Kila mmoja wao alikwisha kukaa kwenye turubai la kupukuchulia akaona mafungu yakitengwa, na hakuna aliyewahi kuona watu wakigawana kwanza. Deogratius, ambaye babu yake alikuja kukata mkonge na ambaye kwao wanasali kanisani, akanyoosha mkono. Stefania akapata tumaini.

"Sisi tumetoa nne, mwalimu," alisema Deogratius. "Fungu la kumi. Shamimu ametoaje mbili?"

"Shamba ni la bondeni," Shamimu alimjibu kama anamhurumia. "Watakuwa walimwagilia. La mvua ndiyo unatoa moja ya kumi, la kumwagilia unatoa nusu yake."

Deogratius alifikiri kidogo, akachukua ufutio, akafuta jibu lake.

Stefania aliketi. "Kwenye mtihani hakuna zaka," alisema. Darasa likamtazama kama vile amewaambia kwamba kwenye mtihani inaruhusiwa kuiba. Walikuwa watoto wenye adabu, hawakubisha. Katika jaribio lililofuata waliitoa kimyakimya, pembeni ya karatasi, kwa maandishi madogo ya penseli.

Alimwita baba yake Shamimu, Mzee Mbaruku, mkulima anayeheshimika pale Chanika, akamwomba azungumze na binti yake. Mbaruku alisikiliza yote kwa utulivu. "Hesabu ni kazi yako, mwalimu, siingilii," alisema. "Lakini mtoto akija kunigawia mavuno kabla ya zaka kwa sababu amefundishwa shuleni, nimwambie nini?" Stefania alimsindikiza hadi getini, na aliporudi darasani yalikuwa yamemfika shingoni.

"Sikilizeni," alisema, na hakuwa amepanga kusema lolote. "Hiza na Yusta walishatoa zaka. Waliitoa palepale shambani. Haya arobaini ndiyo yaliyobaki. Na kila mtu mtakayemkuta kwenye mtihani, awe na mahindi, awe na ufuta, awe na mbuzi, ametoa zaka yake kabla swali halijaandikwa. Mmenielewa?"

Darasa likashusha pumzi. Kalamu zikaanza kwenda. Kumi na tano, kumi na tano, kumi na tano, kuanzia dawati la mbele mpaka la nyuma.

"Ungetuambia mapema, mwalimu," alisema Shamimu. Stefania alitoka nje kidogo, akasimama ukutani, akarudi.

Matokeo ya taifa yalipotoka, hisabati ilikuwa imepanda kuliko shule zote za jirani. Mwalimu Muhsin aliitisha kikao cha wazazi. Stefania alikwenda na fomu ya uhamisho mkobani, amevaa gauni lake la safari.

"Nilikuwa radhi Madam atuache hisabati ikipanda," Muhsin aliwaambia wazazi. "Sasa kwa matokeo haya, nani hapa ataniruhusu?" Wazazi wakapiga makofi. Mzee Mbaruku akasimama kusema kwamba wameshajadiliana, watamjengea mwalimu nyumba hapohapo Chanika na kumpa shamba alime. Kina mama wakapiga vigelegele. Walimpenda kweli, wote, na hilo ndilo lililomkera kuliko yote, maana hapakuwa na wa kumgombeza.

Ofisini alimwekea Muhsin fomu mezani. "Uliniahidi, mwalimu mkuu."

"Niliahidi, sikatai," alisema Muhsin, na uso wake ulionyesha kuumia kweli. "Lakini jiweke nafasi yangu. Ungepandisha kidogo tu, tungeelewana. Wewe umepandisha mno." Akairudisha fomu taratibu kwa vidole viwili. "Tuone mwakani."

Alikwenda kukaa nyuma ya vyoo vya walimu, mahali pekee ambapo hapakuwa na mtu wa kumpongeza, akapiga simu Kerenge. Alikuwa amekusudia kuongea na mumewe kwanza. Akapokea Ritha.

"Mama, watoto wamefaulu?"

Angeweza kusema hapana. Mtoto angelia, wangezoea. Lakini alikuwa amechoka na hakuwa na uongo wa haraka.

"Wamefaulu," alisema.

Simu iliwekwa chini, haikukatwa. Alisikia miguu midogo ikikimbia, kisha sauti ya Ritha kutoka chumbani, ikimwambia bibi yake atoe zile nguo kitandani kwa baba, mama anakuja kulala. Bibi akauliza kitu. Ritha akasema ndiyo, wamefaulu. Kiti kikaburutwa, mlango wa nje ukafunguliwa.

"Ritha," Stefania aliita. "Ritha, mama, njoo kwanza kwenye simu."