Nguo za Nyumba ya Ng'ambo

Nyumba ya Nasike pale Kitengela haikuwa na kasoro, ila ilitazamana na kiwanja kilichotelekezwa. Mwenye mradi alianza nyumba kumi na moja, akazifikisha kwenye lenta, juu tu ya madirisha, akatokomea. Miaka sita sasa nyasi zilikuwa zimefika madirishani, na fisi walilala sebuleni kama wenye hati.

"Mama, nyumba yako iko sawa," Kaloki, broka wake, alimwambia. "Shida ni hiyo mahame ya ng'ambo. Client akiiona tu, anataka upunguze milioni mbili."

Milioni mbili! Kwa pesa hizo Nasike angejenga Bungoma, alikohamishiwa mumewe Lazarus kikazi, na ambako watoto wao wawili walikuwa wakikua huku mama yao wakimsikia kwa simu tu. Bila bei nzuri, hakuna kuondoka.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nasike alivuka njia ya vumbi na kamba mkononi, akaanika nguo zake kuukuu mbele ya nyumba ya kwanza, akatundika na pazia dirishani. Ukiwa kwake ungeapa kuna familia huko. Mteja aliyefuata alitaka apunguziwe laki tatu tu.

Jioni alipokwenda kuanua, alizikuta zimekunjwa, tena vizuri kuliko alivyojua kukunja yeye. Kwenye kamba lilikuwa limebaki gauni la kijani asilolijua, likichuruzika maji, na kiwanja kizima hakikuwa na bomba wala tangi. Nasike aliogopa, asikwambie mtu. Lakini mfa maji haachi kutapatapa. Jumamosi akaanika tena.

Jumamosi hiyo alikuja Mulinge, mwalimu mstaafu kutoka Kajiado mjini, mzee mpole mwenye shati la drafti. Alizunguka vyumba, akagonga kuta, akakubali bei yote bila kuteta.

"Lakini kwanza nisalimie majirani," akasema. "Huwezi nunua nyumba kabla hujauliza watu wa hapo mambo ya maji na wezi."

Maneno machache tu yangetosha: Mwalimu, huko hakuna mtu. Nasike alifungua mdomo, akawakumbuka watoto wake, akaufunga.

Mulinge alivuka. "Hodi wenyewe!"

"Karibu, mwalimu," sauti ya mwanamke ikaitikia kutoka ndani. Kikasikika kicheko, kisha kimya.

Chai ambayo Nasike alimwandalia mzee ikapoa. Mwishowe alivuka, akaita, akaingia. Alama za viatu zilikwenda hadi katikati ya sakafu yenye vumbi, zikaishia hapo. Alitoka mbio. Kwenye kamba, kando ya gauni la kijani, lilikuwa limeanikwa shati la drafti, limefuliwa, linachuruzika.

Simu yake ikalia. Alikuwa Kaloki.

"Mama, umebarikiwa! Niko na client mwingine, amepita hapo saa hii. Anasema kumbe watu wameanza kuhamia hiyo side. Ataongeza laki tano juu ya bei yako. Nimlete?"

Gari la Mulinge lilikuwa bado limeegeshwa langoni kwake. Nasike aliona haya hadi machozi yakamtoka. Alizitazama nyumba za ng'ambo. Kumi zilikuwa bado hazina pazia.

"Mlete," akasema.