Miaka Mitano ya Ogari

Mtoto wangu Ogari alikuwa karani kwenye kituo cha kununua chai hapa Gesima. Kazi yake ilikuwa kupima majani na kuita majina ya wakulima, na sauti yake ilisikika mpaka ng'ambo ya mto. Mwaka wa 1970, mvua ya masika ilipoanza, sauti hiyo ikaanza kukwaruza. Mvua ikaisha, sauti haijarudi.

Wanawake wenye vikapu walimtania. "Karani, leo umemeza chura?"

"Chura nilimmeza zamani," akawajibu. "Sasa amezaa."

Wakacheka, naye akacheka. Mimi sikucheka. Mafua nayajua, huja yakaenda. Nilimpa asali, nikamkataza sigara, nikamwambia aende hospitali Kisii, nikarudia mpaka mke wake Gesare akasema, "Mama, utamchosha." Mwishoni akaenda. Daktari alimtazama kooni kwa kioo kidogo, akakata kinyama kikapelekwa kupimwa.

Siku ya majibu sikumsindikiza. Gesare alikuwa amejifungua Esnah na mimi ndiye niliyekuwa jikoni. Aliyeenda naye ni Nyasani, ndugu ya marehemu mume wangu. Waliambiwa ni kansa ya koo, pale sauti inapotokea, lakini haijashuka shingoni, na kwamba Ogari aende Nairobi akachomwe kwa miale ya mashine. Ogari alipotangulia nje, Nyasani akauliza kama kijana ataishi. Daktari akajibu kwa Kiingereza, na nesi Anyiko, Mjaluo, akageuza kwa Kiswahili.

Jioni Nyasani akaketi kwangu, akatuambia kwa Ekegusii, lugha yetu: "Amepewa miaka mitano."

Ogari alirudi kutoka Nairobi ngozi ya shingo imekuwa nyeusi kama iliyomwagiwa uji wa moto. Sauti ilirudi pia. Haikuvuka mto tena, lakini kituoni ilitosha. Walimwagiza awe akirudi kutazamwa. Akaenda mara mbili, akaacha.

"Niende kufanya nini, mama? Tarehe yangu ninayo."

Nikamletea miche ya chai apande kwenye mteremko wake. Akaitazama tu. "Chai inataka miaka mitatu, minne, ndiyo uanze kuila. Nimpandie nani?" Miche ikakauka kando ya ukuta. Yeye akalima wimbi na maharagwe, vitu vya msimu mmoja. Gesare alipotaja nyumba ya mabati, akasema nyasi zitamfikisha. Hakuwa mtu wa kulia. Alikula, alitania watu, alienda kanisani Sabato. Alikuwa amejipanga tu, kama msafiri anayejua gari lake linaondoka saa ngapi.

Mwaka wa nne akaanza kuvaa skafu. Alisema ni baridi, na Gesima kweli kuna baridi. Asubuhi moja aliinama kumwinua Esnah, skafu ikateleza, nikaona uvimbe chini ya taya, mkubwa kama yai la kuku.

"Huu umeanza lini?"

"Tangu tulipovuna wimbi."

"Na hukusema?"

"Mama, si miaka imekaribia?"

Safari hii nilimpeleka mimi mwenyewe. Anyiko alikuwa bado pale. Akaushika ule uvimbe, akauliza, "Kwa nini hamkuja uvimbe ukiwa mdogo kama harage?"

"Si mlimpa miaka mitano?" nikasema.

"Nani alimpa?"

"Nyinyi. Wewe na daktari."

Akavuta kiti akaketi. "Mama Ogari, hatukumpa. Daktari alisema, katika watu kumi wenye ugonjwa kama wake, ukiwa bado haujashuka shingoni, saba hufika miaka mitano. Madaktari huhesabu mpaka hapo ili wajue matibabu yameshika. Akishafika hapo, wengi huendelea tu, wanazeeka. Nilisema *wanafika*."

Basi ni hilo neno. Kiswahili si cha mama yake Anyiko, wala si cha mama yake Nyasani. Mmoja alisema wanafika, maana yake wanavuka. Mwingine akasikia wanafika, maana yake wanaishia hapo.

Ogari alikuwa akitazama dirishani. "Kumbe ningepanda chai," akasema.

Anyiko akaanza kuandika barua ya Nairobi.

Walijaribu tena Nairobi, lakini uvimbe ulikuwa umeshika mshipa. Alikufa kabla ile miaka haijatimia. Kwenye mazishi Nyasani alisimama akasema yule daktari alikuwa mtu wa ajabu, hakukosea sana.

Nikasimama. "Daktari hakusema hivyo."

"Mke wa ndugu yangu, keti. Una uchungu."

"Nina uchungu, na nitasema nikiwa nimesimama." Nikawaeleza wote vile Anyiko alivyonieleza. Nyasani aliinamisha kichwa. Simlaumu, alibeba neno kama alivyolisikia.

Ninaandika ili wewe usilibebe hivyo. Sauti ikikwaruza mpaka mvua nzima iishe, usingoje asali. Ukiambiwa miaka, muulize anayekuambia: ni ya kuvuka ama ya kuishia? Muulize mara mbili, hata akikasirika. Na ukiambiwa urudi kutazamwa, rudi.

Gesare amepanda chai kwenye ule mteremko. Esnah ana kikohozi wiki hii, na sauti yake imekauka kidogo. Gesare anasema ni baridi, na huenda ni baridi. Kesho tunaenda Kisii.