Mkono wa Mnong'ono

Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, Fundi Mashoto alifungua boliti ya mwisho ya gavana, akakitoa chombo kizima na kukilaza juu ya gunia kama mtu anayelaza mtoto aliyekwisha sinzia. Kwa miaka thelathini na moja chombo hicho, vyuma viwili vya kuzunguka na springi moja, ndicho kilichoiambia injini ya kituo cha maji inywe dizeli kiasi gani. Sasa kazi hiyo ingefanywa na kisanduku cha umeme kisichozidi ukubwa wa mkate. Kililetwa na mtaalamu wa kike mwenye miwani na kompyuta, aliyekuwa amejipangia kumaliza Ijumaa na kurudi kwao.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Ndani ya pampu ya mafuta kuna ufito wa chuma, mnene wa kidole. Ukisogea mbele, injini inakunywa. Ukirudi nyuma, inafumba kinywa. Zamani gavana ndiyo iliyousogeza. Mtaalamu alifunga mota ndogo ya kuusogeza na sensa ya kuuchungulia umefika wapi, nyaya zote akazipeleka kwenye kisanduku. Kisanduku kikisema nusu, ufito uende nusu.

“Ni hivyo tu,” alisema.

Mashoto akatikisa kichwa kukubali. Mambo aliyaelewa kwa kichwa kama watu wengine, ila kuyaamini aliyaamini kwa vidole.

Saa sita mchana mtaalamu aliuamuru ufito urudi sifuri. Kompyuta ikaonyesha thelathini na nane kwa mia. Akaamuru tena. Thelathini na nane. Akabadilisha waya, akabadilisha sensa, akazima na kuwasha. Mwishowe Mashoto alifungua kifuniko cha ubavuni mwa pampu, akamulika ndani kwa tochi. Kulikuwa na mkono umeushika ufito.

Ulikuwa mkono wa kulia wa mtu mzima, unaoishia pale saa inapovaliwa. Mwisho wake ulikuwa mkavu na umefunga vizuri. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa mweusi, na Mashoto alikuwepo siku nyundo ilipoutia weusi huo, tena nyundo yenyewe ilikuwa yake.

“Ni wa Mnong'ono,” alisema.

“Ndiye nani?”

“Mwendeshaji wa injini. Tulimzika mwezi wa tatu.”

“Na mkono?”

“Tulimzika nao.”

Mtaalamu alifunua karatasi zake, akapitisha kidole kutoka juu mpaka chini. “Kwenye mchoro haumo,” alisema.

Marehemu aliitwa Mnong'ono kwa sababu alikuwa hawezi kunong'ona. Miaka ishirini ya kukaa ubavuni mwa injini ilimla masikio, basi akikupa siri, jirani wa tatu anaitikia. Lakini vidole vyake vilikuwa vinasikia. Aliweka kiganja juu ya pampu na kukuambia silinda gani imekunywa maji, na ukifungua unakuta ndiyo hiyo hiyo.

Meneja aliitwa, akaja na funguo za gari mkononi, akainama kuchungulia.

“Unazuia kazi?”

“Hauzuii,” alisema mtaalamu. “Ila hautaki kuachia. Mota ikisukuma kwa pupa, unagoma. Ikisukuma polepole, unafuata.”

“Basi sukumeni polepole. Mkono usioweza kuukata, ubusu.” Meneja akacheka kidogo, nao wakamsaidia kucheka. Kabla hajatoka aliagiza mkono uandikwe kwenye orodha ya vifaa vya mtambo, chini ya sensa.

Jioni injini iliwashwa. Ilizunguka mara elfu moja kwa dakika na mshale haukutikisika. Mtaalamu alikiri kwamba hajawahi kuona injini ya umri huo ikitulia namna ile. Mashoto alirudisha kifuniko, ila hakukikaza sana.

Yaliyompata Mnong'ono yalikuwa kwenye faili, kurasa nne na mhuri. Springi ya gavana ilikuwa imechoka. Injini ikipewa mzigo inalegea. Mnong'ono aliomba springi mpya stoo mara tatu, na mara tatu aliambiwa asubiri. Siku wakubwa walipokuja kutazama maji yakimwagika kwenye tangi jipya, injini haikutakiwa kulegea, kwa hiyo ufito wa mafuta ulifungwa kwa waya ukiwa mbele kabisa. Maji yakakatika kwenye bomba linaloyavuta. Injini ikajikuta haina mzigo na kinywa kiko wazi, ikakimbia mpaka gurudumu lake la chuma likapasuka na kumwua mwendeshaji. Ripoti ilisema waya ulifungwa na mwendeshaji bila idhini, na kwamba kifo kilitokana na uzembe wake mwenyewe. Ilisainiwa na meneja, na mkaguzi, na fundi. Fundi aliisoma yote kabla ya kusaini.

Waya aliufunga yeye, Mashoto, kwa agizo la meneja, asubuhi ile ile. Aliuzungusha mara tatu, akausokota kwa plaizi, akaitia plaizi mfukoni na kwenda tangini kuwaona wakubwa. Mnong'ono alimpigia kelele nyuma yake: “Mwenzangu, umeiacha mdomo wazi hii!” Watu wa tangini waliisikia sauti hiyo na wakacheka.

Utaratibu wa kituo ni kwamba mfanyakazi akifa kwa ajali, familia yake inakaa kwenye nyumba ya kazini mpaka watoto wamalize shule. Akifa kwa uzembe, familia inapewa siku tisini. Nyumba ya Mnong'ono ilikuwa nyuma ya karakana, ukuta mmoja na nyumba ya Mashoto. Siku ya tisini ilikuwa Ijumaa ya wiki hiyo.

Jumanne mke wa marehemu alipiga hodi mlango wa nyuma wa chumba cha injini.

“Karibu, shemeji,” alisema Mashoto.

“Nimesikia yupo.”

“Mkono tu.”

“Nionyeshe.”

Mashoto alifungua kifuniko, akammulikia. Mama huyo alivua bangili, akaingiza mkono wake ndani. Ule mkono ulimtambua. Ulimshika kwa vidole viwili, vitatu vikabaki kwenye ufito, maana injini ilikuwa kazini. Walikaa hivyo kitambo. Mtaalamu alishusha macho kwenye kompyuta yake, ambako namba ilikuwa imetoka thelathini na nane ikaenda thelathini na tisa.

“Una joto,” alisema yule mama.

“Ni joto la injini, shemeji.”

“Najua.” Akatoa mkono wake, akaufuta mafuta kwenye khanga. “Shemeji, siku ile wewe ulikuwepo.”

“Nilikuwa tangini.”

“Waya alifunga yeye?”

Mashoto alichukua kitambaa, akafuta mkono mmoja, akafuta wa pili, kisha akaanza upya ule wa kwanza. “Ripoti ndivyo inavyosema.”

“Najua inavyosema. Nimeisoma mpaka sasa inanisoma yenyewe. Wasichana wana mitihani mwezi wa kumi, nikiwahamisha sasa wameharibikiwa. Nakuomba neno moja tu, kwa karatasi.” Alimtazama kidogo, akavaa bangili zake na kuondoka. Mashoto alitaka kuona aibu, kwa kuwa mahali pake palikuwa pale. Aliitafuta kifuani na hakuipata. Kifua kilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: upo, ni wako, ila ukiubana hausemi kitu.

Kisanduku kilikuwa na tabia moja, kuandika kila kitu. Jumatano asubuhi mtaalamu alimwita Mashoto atazame mstari kwenye kompyuta. Jana, saa tano na dakika ishirini, mkono uliuachia ufito kwa sekunde arobaini, mota ikaushika peke yake.

“Ilitokea nini saa hiyo?” aliuliza.

“Jana hapakutokea kitu,” alijibu Mashoto. Saa tano na dakika ishirini ndio wakati gurudumu lilipopasuka, lakini hilo hakuulizwa.

Walifungua kifuniko wakangoja. Muda ulipofika mkono uliuachia ufito, ukapanda mpaka kwenye pini iliyo mwisho wa ufito, ambayo kishikio cha kuzimia injini kinaisukuma. Ukashika kitu ambacho hakikuwepo. Ukaanza kusokota, kwa haraka, kama mtu anayefungua waya kwa vidole vitupu. Baada ya sekunde arobaini ukaacha na kurudi kazini. Kompyuta ikaonyesha thelathini na saba, thelathini na nane, thelathini na saba.

Mashoto aliutazama upande ule ulikosokotea. Alisimama, akaenda ofisini kwa meneja na kuuomba ule waya.

Waya ulikuwa kwenye faili, ndani ya bahasha, kwa sababu ni ushahidi. Meneja aliutoa mwenyewe. Alhamisi saa tano walikusanyika chumba cha injini watu wanne: meneja, mtaalamu, Mashoto, na mke wa marehemu, ambaye Mashoto alikwenda kumgongea ukuta bila kumweleza sababu. Mashoto aliuviringisha waya kwenye pini mara tatu, ukakaa kwenye mikunjo yake ya zamani bila kulazimishwa. Wakasubiri.

Saa tano na dakika ishirini mkono ulipanda, ukaukuta waya na kuanza kuufungua. Uliusokota kuelekea upande ambao waya wowote uliofungwa na mtu wa mkono wa kulia unafunguka. Waya haukufunguka. Ulikaza. Mkono ulivyozidi kufanya haraka, waya ulizidi kuuma chuma. Sekunde arobaini zikaisha.

“Huu umesokotwa kinyume,” alisema mtaalamu.

“Nimeufunga mimi,” alisema Mashoto. “Meneja aliniagiza. Plaizi nilikuwa nayo mfukoni. Mnong'ono alikuwa anaufungua, na kila akifungua, anafunga. Sikulijua hili mpaka jana. Hayo mengine nilikuwa nayajua.”

Sauti yake ilitoka ya kawaida, kama anayetaja vipuri. Meneja aliweka mkono begani kwake.

“Tunajua, Mashoto,” alisema kwa upole. “Kituo kizima hiki nani mwingine anasokota hivyo? Mkaguzi mwenyewe alipoushika ule waya aliniuliza, huyu fundi wenu ni wa kushoto?”

“Kumbe mnajua,” alisema mke wa marehemu.

“Tunajua, mama. Pole sana.”

“Basi ibadilisheni.”

“Ripoti imeshafungwa. Ili ifunguliwe, mmoja wa waliosaini aandike kwamba alisema uongo.” Meneja alimgeukia Mashoto, na uso wake haukuwa na ubaya wowote. “Ukitaka kuandika, andika, sikuzuii. Ila huo utakuwa uzembe wako, na uzembe una siku tisini. Nyumba yako nayo ni ya kituo. Una mama mgonjwa mle ndani, una wanao watatu. Mimi nitahamishiwa kituo kingine tu.”

Wote wakamtazama Mashoto. Kalamu ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake. Aliigusa. Alimfikiria mama yake, ambaye haamki bila kushikwa, na binti za Mnong'ono, ambao usiku aliwasikia kupitia ukutani wakisomeana kwa zamu. Alijua lililo sawa ni lipi, wala hakulibishia. Alingoja mkono wake uitoe kalamu, kama vile ungekuwa mkono wa mtu mwingine. Haukuitoa.

“Sawa,” alisema yule mama, si kwa hasira. “Naweza kuondoka na mkono?”

Meneja aliangalia orodha. “Umeshaandikwa, mama. Uko chini ya sensa.”

Ijumaa asubuhi pikapu ilirudi nyuma hadi kwenye nyumba ya Mnong'ono. Mashoto alisaidia kupakia, kwa kuwa ni jirani. Alibeba kitanda upande mmoja na mke wa marehemu upande mwingine, wakaelekezana vizuri mlangoni, inua kidogo, shusha, taratibu, bila kugombana. Binti mkubwa alimpa ufunguo. “Shikamoo, baba mdogo,” alisema, kama alivyosema kila siku, na Mashoto akaitikia marahaba.

Kisha akarudi chumba cha injini, ambako mtaalamu alikuwa anakunja nyaya zake. Pikapu ilipita taratibu nje ya dirisha. Mama alikuwa amekaa nyuma juu ya godoro, uso umeelekea kwenye kelele ya injini.

Mkono uliachia ufito. Ulikisukuma kifuniko ambacho hakikukazwa, ukatoka, ukatembea kwa vidole juu ya bomba mpaka dirishani, ukabaki pale umebandika kiganja kwenye kioo. Kwenye kompyuta mizunguko ilishuka kutoka elfu moja hadi mia tisa tisini na nane. Mota ikaushika ufito, ikausogeza nukta moja mbele. Elfu moja.

“Umeona?” alisema mtaalamu. “Hiyo ndiyo kazi yake. Hata mtu akiachia, huko mjini hawatajua.”

Na kweli hawakujua. Maji yalikwenda kama kawaida kwenye nyumba zote na kwenye tangi jipya. Pikapu ilikata kona. Mkono ulikaa dirishani dakika mbili zaidi, kisha ukarudi kwa njia ile ile, ukajifuta kwenye kitambaa cha Mashoto, ukaingia ndani na kushika ufito. Kioo kilibaki na alama tano za mafuta.

Mtaalamu alimletea fomu ya makabidhiano. Mstari wa mwisho uliuliza kasoro zilizobaki. Mashoto alitoa kalamu mfukoni, safari hii ikatoka bila shida. Akaandika “Hakuna” na kusaini kwa mkono wake wa kushoto, na saini ikalala upande ule inaolalia siku zote. Halafu akaenda nje kunawa. Maji yalikuwa yanatoka vizuri.